Wanaobaki Baada ya Turubai Kushushwa

Barabara ya Chalinze kwenda Segera imeikata Lugoba katikati. Kutwa nzima hupita mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, malori yaliyobeba kokoto za hapo hapo Lugoba, na bodaboda zinazojipenyeza katikati yake. Watoto wa shule nao huvuka hapo hapo. Mtu akigongwa, safari yake inajulikana: Kituo cha Afya Lugoba au hospitali ya Msoga, kisha Tumbi kule Kibaha, na kama ameumia kichwa, Muhimbili, kwenye taasisi ya MOI. Wazazi hufuata nyuma na mfuko wenye kanga mbili na chupa ya chai. Kuna wanaorudi na mtoto wao, na kuna wanaorudi na jeneza.

Nataka kuwaandika wanaompokea mzazi aliyerudi na jeneza. Kila kijiji kinao, na mara nyingi ni mama wa makamo au mzee mmoja wa kiume ambaye msiba ukitokea watu huulizana, "Amefika?" Kazi yao haina mshahara wala cheti, lakini ni ufundi, tena ufundi mgumu. Na kwa kuwa hospitali za Afrika Mashariki zimeanza kupandikiza viungo, siku moja ufundi huu utahitajika mahali ambapo bado haujaingia: kando ya kitanda cha mtoto aliyekufa, ambaye wazazi wake wanaulizwa kama figo, ini na moyo wake vinaweza kwenda kwa watoto wengine.

Mwangalie mama huyu anavyoingia kwenye nyumba ya msiba. Anavua viatu, anapita kati ya watu bila kusalimia mmoja mmoja, mpaka alipo mfiwa. Wageni wengi hufika wakilia kwa sauti na kumwangukia, ikabidi mfiwa ndiye aanze kuwabembeleza wao. Yeye anakaa kwenye jamvi, anaegemea ukuta, ananyoosha miguu, anasogea mpaka bega liguse bega. Basi. Pole yake huja baadaye, mara moja, kwa sauti ya chini. Akipita mtu akasema, "Usilie, kazi ya Mungu haina makosa," hamkosoi mgeni wa watu. Anamrudishia mfiwa kanga iliyoteleza begani na kumwambia, "Lia mwanangu, mimi nipo."

Saa nne uji unaletwa. Mfiwa hautaki. Wengine wangeshindana naye: kunywa, usipokunywa utaanguka, una watoto wengine wanakutegemea. Mama huyu anapokea vikombe viwili, anaanza kunywa chake, na cha pili anamwekea mfiwa mkononi, akishike tu kimpashe joto. Anaongea na jirani habari za maji na kuni. Muda si mrefu kikombe kinapungua, na hakuna anayetaja kwamba kimepungua.

Kisha yanakuja maneno. Mfiwa anasimulia asubuhi ya mwisho: mtoto aliamka akatafuta soksi, moja hakuiona, akavaa mbili zisizofanana, akaondoka bila kumaliza chai. Anasimulia tena adhuhuri. Anasimulia jioni. Waliokaa karibu wameshaisikia hadithi ya soksi, macho yao yanakwenda mlangoni. Fundi wa kufariji anaisikiliza mara ya sita kama alivyoisikiliza mara ya kwanza, na mara ya sita anauliza swali ambalo halikuulizwa: "Chai aliyoiacha aliiacha wapi?" Mfiwa anajibu kwa kirefu. Hapo ndipo mzigo unaposogea kidogo, maana mfiwa anahitaji mtu wa kutembea naye ndani ya asubuhi ile mpaka aimalize. Na akisema, "Ningemzuia asipande ile bodaboda," fundi hakimbilii kumjibu kwamba si kosa lake. Jibu la haraka hufunga mlango. Anaacha kidogo, kisha anauliza, "Alikuaga vipi alipokuwa anatoka?"

Jambo la jina nalo huwatenganisha mafundi na wengine. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, na mtoto huyo akifa watu wengi hubabaika: wanamwita dada, wanamwita mama bila jina, au wanarukia kwa mdogo wake marehemu. Aliyekuwa Mama Saidi kwa miaka kumi na miwili anajikuta, bila kuambiwa, si Mama Saidi tena. Fundi humwita Mama Saidi siku ya msiba, siku ya tatu watu wanapotawanyika, kisimani mwezi unaofuata, na mwaka kesho. Nimewaona akina mama wakiinua uso kwa kusikia hivyo tu.

Upande wa wanaume, chini ya mwembe, kazi ni ileile kwa njia nyingine. Baba mfiwa hupewa shughuli: twende tukaangalie kaburi lielekezwe vipi, njoo uhesabu sanda. Mzee mwenye ujuzi anajua shughuli gani ampe na ipi amwondolee. Daftari la rambirambi anamwondolea, maana si vizuri mtu asome bei ya mtoto wake. Kuna watani pia. Nchi hii ya Wakwere ilipitiwa na misafara ya wapagazi wa bara wakishuka Bagamoyo, na utani uliofungwa njiani bado unafanya kazi makaburini. Mtani ana ruhusa ya kumchekesha mfiwa wakati mwingine yeyote angepigwa kwa kujaribu. Lakini kwa msiba wa mtoto, mtani anayejua kazi yake hupunguza: mzaha mmoja, mwepesi, kwa baba peke yake, siku ya pili. Kupima kiasi hicho hakufundishwi kwa maandishi.

Sehemu inayonifanya niwaheshimu zaidi ni pale pa kuoshea maiti. Maji ya majani ya mkunazi, kisha maji yenye karafuu maiti, upande wa kulia kwanza, mwili ukiwa umefunikwa wakati wote na mkono ukipita chini ya shuka. Mtoto aliyekufa kwa ajali ana majeraha, na aliyepitia hospitali ana mishono. Mwosha akiyaona anayaosha polepole, anayafunga kwa pamba, na yanaishia hapo. Aibu ya maiti haitoki nje ya chumba kile. Mama mzazi akitaka kuingia, haambiwi hapana. Anaandaliwa kwanza. "Mwanangu, kichwani kuna kitambaa, hapo tusipaguse. Uso wake mzima. Njoo umwagie maji miguuni." Kila neno limepimwa: anaelezwa atakachokiona kabla hajakiona, anapewa sehemu ya mwili anayoweza kuigusa, anapewa kazi ya mikono. Mama aliyemwagia mwanawe maji miguuni ana kitu cha kukumbuka zaidi ya barabara.

Sasa nivuke kwenda upande wa pili, wa hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wachangiaji ni ndugu walio hai: mama anampa mwanawe, kaka anampa dada. Kenya iliweka habari za kuchangia viungo, pamoja na vya marehemu, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na Uganda ikapata sheria yake ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023. Mlango unafunguka taratibu. Vijana wanaoumia kichwa barabarani, kama wale wa barabara yetu, ndio ambao katika nchi nyingine wazazi wao huulizwa lile swali zito la kutoa viungo vya mtoto wao.

Uingereza, ambako wako Watanzania, Wakenya na Wasomali wengi, swali hilo huulizwa na muuguzi bingwa ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Nimesoma sana juu ya kazi yake, na ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyomwona mama wa jamvini. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba habari ya kifo na ombi la viungo havisemwi kwa pumzi moja. Mzazi lazima kwanza aelewe kwamba mtoto amekufa, na kuelewa huko ni kugumu kuliko kawaida, kwa sababu kifo hiki ni cha ubongo: kifua kinapanda na kushuka kwa mashine, ngozi ina joto, moyo unapiga. Madaktari wawili hufanya vipimo, kisha hurudia seti nzima. Wanamulika mboni, wanagusa konea, wanatia maji ya barafu masikioni, wanachokoza koo kuona kama kikohozi kitakuja, na mwisho wanaitenga mashine kwa dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea kuingia, waone kama mwili utavuta pumzi wenyewe. Wazazi wanaotaka huruhusiwa kushuhudia seti ya pili. Kwa sheria yao saa ya kifo ni ile iliyomalizika seti ya kwanza, na muuguzi huhakikisha wazazi wanalijua hilo, ili baadaye wasije wakakaa usiku wakijiuliza kama mtoto alikufa kitandani au alifia chini ya kisu.

Baada ya hapo ananyamaza. Anasubiri mpaka mzazi mwenyewe aseme neno la kuonyesha kwamba amejua: "Kwa hiyo ameondoka." Kabla ya neno hilo hakuna ombi. Na likija ombi, mtoto anatajwa kwa jina lake. Mzazi akikataa, muuguzi haondoki na makaratasi yake; anayefanya kazi hii vizuri anabaki kama alivyokuwa, maana msiba haukupungua kwa sababu ya jibu.

Nani aulizwe nalo ni jambo la ujuzi. Mwaka 2017 Keira Ball, msichana wa miaka 9, alifariki baada ya ajali ya gari Uingereza. Mama yake na mdogo wake wa kiume walikuwa kwenye gari hilo na wenyewe walikuwa mahututi. Baba ndiye aliyekubali, mkewe akiwa hajitambui. Moyo wa Keira ulikwenda kwa mvulana aitwaye Max Johnson, na sheria iliyobadilisha utaratibu wa kuchangia viungo England mwaka 2020 ikaitwa kwa majina ya watoto hao wawili. Fikiria mzigo wa kumweleza mama huyo alipozinduka. Kwetu jambo kama hilo lisingemhusu baba peke yake. Angetafutwa baba mkubwa, angetafutwa mjomba, na shehe au katekista wa karibu. Hospitali itakayomwita baba pembeni na kumpa kalamu itakuwa imemtenga na watu wake saa anayowahitaji kuliko zote.

Shehe huyo ataulizwa swali la dini, na jibu halianzi patupu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986 na kulizungumzia suala la kifo cha ubongo, likakubali kwamba kazi zote za ubongo zikikoma bila kurudi, na wataalamu wakathibitisha, mtu huhesabiwa amekufa. Likakaa tena Jeddah mwaka 1988 na kuruhusu kuchukua kiungo cha marehemu kwa masharti, mojawapo likiwa idhini yake alipokuwa hai au ya warithi wake. Wapo wanazuoni wenye shaka mpaka leo, na mzazi ana haki ya kuisikia shaka hiyo. Anachohitaji ni mtu wa kumsomea pande zote mbili bila kumsukuma.

Ufundi ukikosekana, matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1985 huko Ujerumani, Christian, kijana wa miaka 15, aligongwa na gari akienda shule. Mama yake, Renate Greinert, aliombwa viungo vyake naye akakubali. Alipomwona mwanawe tena kabla ya maziko hakumtambua alivyokuwa, na aliyokuja kuyajua baadaye kuhusu mambo yaliyofanyika yalimtesa kwa miaka mingi. Alijiona amemwacha mtoto wake peke yake mikononi mwa watu. Akaungana na wazazi wengine kupinga utaratibu ule hadharani, na akaandika kitabu. Wako wanaomwona adui wa wagonjwa wanaosubiri viungo. Mimi namwona shahidi. Hakuandaliwa kwa atakachokiona, na hakuwepo wa kumwambia, "Uso wake mzima, njoo umwagie maji miguuni."

Ndiyo maana wale wauguzi wa Uingereza, upasuaji ukiisha, hurudi kwa mtoto. Majeraha yameshonwa kwa uangalifu kama ya mgonjwa aliye hai, na wao humwosha, humvika, na kama wazazi wameomba nguo fulani au mdoli wake awe naye, huwa naye. Kabla ya hapo wameshachukua alama ya kiganja kwa wino kwenye karatasi na kukata shungi la nywele, vikatiwa kwenye bahasha. Marekani hospitali nyingi zina desturi nyingine: mtoto anaposukumwa kwenda chumba cha upasuaji, wafanyakazi wote, daktari mpaka mfagizi, husimama kimya pande mbili za ukumbi mpaka kitanda kipite. Anayejua wanaume wa Lugoba wanavyopokezana jeneza, kila mmoja akitaka bega lake liguse hata hatua tatu, hatahitaji kuelezwa desturi ile ni ya nini.

Lakini sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Kutoa viungo hakuondoi majonzi. Kuna wazazi wanaopata faraja kwamba mwili wa mtoto wao ulimfaa mwenzake, na kuna ambao faraja hiyo huja leo ikaondoka kesho. Mwaka 1994 familia ya Green kutoka Marekani ilikuwa ikisafiri usiku kwa gari kusini mwa Italia, majambazi wakawafyatulia risasi, na Nicholas, mwenye miaka 7, akafariki siku mbili baadaye mjini Messina. Wazazi wake, Reg na Maggie, walitoa viungo vyake, na watu 7 wakavipokea. Italia yote ilitikisika, na uchangiaji wa viungo ukapanda sana katika miaka iliyofuata. Reg Green ametumia maisha yake yaliyobaki kusimulia habari ile, na wakati wote hakusema kwamba maumivu yamekwisha. Yeye na mkewe walikutana na waliopokea. Sheria ya Italia ya mwaka 1999 ilipowafungia wengine njia hiyo, alipigania ifunguliwe kwa wazazi na wapokeaji wanaotaka. Nchi nyingi huficha majina, na zina sababu zake: mpokeaji anaweza kufa, mzazi akazika mara ya pili. Muuguzi ndiye anayekaa katikati. Anaandika barua kwamba mwanamke fulani amepata figo na mtoto fulani amepata ini, anapokea barua ya shukrani isiyo na jina, na anauliza kwanza kama mzazi yuko tayari kuipokea au iwekwe kabatini miaka mingapi atakayo.

Hapa kwetu mzazi hupata watu wengi mno kwa siku tatu, na halafu hakuna. Tanga likianuliwa, turubai likashushwa, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, nyumba inakuwa na sauti ya watu wawili. Arobaini huwarudisha watu kwa siku moja. Fundi wa kufariji hufanya kazi yake kubwa hapo katikati: anapita asubuhi kuomba moto ambao anao kwake, anamtaka mfiwa wafuatane sokoni Chalinze, siku shule zikifunguliwa anafika mapema kuliko sare za watoto wa jirani. Kwa mama Mwislamu huenda akamkumbusha ile nyumba ya peponi iliyoahidiwa mzazi aliyefiwa akamshukuru Mola, lakini kamwe hamkumbushi siku ya kwanza.

Hispania, inayoongoza duniani kwa viungo vya marehemu tangu miaka ya mwanzo ya 1990, ilianza mwaka 1989 kwa kuweka mratibu katika hospitali na kumfundisha namna ya kuzungumza na familia. Waliwekeza kwenye mtu anayeketi na wazazi. Sisi mara nyingi tunaanza na jengo na mashine, na afisa ustawi wa jamii mmoja anagawanywa wodi zote. Hospitali yetu itakayotangulia kuomba kiungo cha mtoto aliyekufa iajiri watu hawa kwanza, iwape chumba chenye mlango na viti vya kutosha ukoo, iwape ruhusa ya kumfuata mzazi mpaka kijijini kwake. Na kabla ya kuandika mtaala wao, ije Lugoba iwaulize waosha na akina mama wa jamvini, iwalipe kama wakufunzi wanavyolipwa.

Nawe msomaji, kama yuko mzazi uliyemsindikiza kumzika mwanawe mwaka huu, nenda kwake wiki hii. Usitangulize simu ya kuuliza kama anahitaji kitu. Mwite kwa jina la mtoto wake, kaa chini, na akianza kusimulia upya, msikilize mpaka amalize.